Nilivyoizoea Dar es Salaam Nikiwa Mgeni

Wakati wa masika ya mwaka 2023 nilitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam kumuuguza kaka yangu aliyelazwa Muhimbili. Nilifikia kwa shangazi, Mbagala Rangi Tatu, na wakati huohuo nilikuwa nikifuatilia nyaraka za kaka katika ofisi moja iliyoko Mwenge. Pembe hizo tatu ziko mbalimbali, katika jiji ambalo sensa ya mwaka 2022 ililihesabia wakazi zaidi ya milioni 5.3, na mtu mwenye mgonjwa hana muda wa kupotea njiani.

Kilichonifaa kuliko vyote ni kuacha kuwaza umbali na kuanza kuwaza barabara. Shangazi aliniambia siku ya kwanza, "Mwanangu, usiulize Mwenge iko wapi, uliza gari la Mwenge linapita wapi." Kutoka katikati ya jiji, karibu na bahari, zinatawanyika njia kuu nne: Ali Hassan Mwinyi, ambayo mbele inakuwa Barabara ya Bagamoyo na kuelekea Mwenge na Tegeta, Barabara ya Morogoro, inayopita Magomeni, Ubungo na Kimara, Barabara ya Nyerere, iendayo uwanja wa ndege na Gongo la Mboto, na Barabara ya Kilwa, iendayo Mbagala. Barabara ya Mandela nayo inatoka upande wa Kurasini, inapita Tazara na Buguruni hadi Ubungo, kisha Sam Nujoma inaipokea na kuifikisha Mwenge. Nilipokwisha kuishika ramani hiyo kichwani, kila jina nililotajiwa nililiweka kwanza kwenye barabara yake, na hapo nusu ya wasiwasi ikaniondoka.

Asubuhi nilipanda daladala la Mbagala–Kariakoo kabla hakujapambazuka, kwa kuwa foleni ya kuingia mjini ikishajaa Barabara ya Kilwa, hakuna dereva awezaye kuahidi saa ya kufika. Kutoka Kariakoo nilichukua bajaji hadi Muhimbili. Kabla ya kukubaliana bei na dereva yeyote, nilimuuliza kwanza mama muuza chai au mwenye duka kiasi kinacholipwa kwa kawaida, na sikuwahi kukuta mtu aliyenificha. Wakazi wa Dar wanasifiwa kwa haraka zao, lakini mimi niliwaona wepesi wa kuelekeza, mradi mgeni ataje kituo badala ya mtaa. Kwa konda nako nilisema mapema kabisa mahali ninaposhukia, na nauli niliishika mkononi ikiwa kamili.

Safari ya Mwenge ndiyo iliyohitaji akili zaidi. Siku za kawaida nilipanda mwendokasi pale kituo cha Gerezani, Kariakoo, hadi kituo cha Morocco, nikamalizia kwa daladala. Mabasi hayo, yaliyoanza kazi mwaka 2016, yana njia yao peke yao katikati ya barabara, na ingawa jioni abiria husongamana mno, hayakwami pamoja na magari mengine. Udhaifu wake uko Jangwani, bonde lililo kati ya Kariakoo na Magomeni. Mvua kubwa ikinyesha, maji ya Mto Msimbazi hufurika na barabara hufungwa, na aliyeko Kariakoo hawezi kuvuka kwa njia hiyo kwenda Magomeni. Kwa hiyo nyakati za mvua nilianza kwa kumuuliza jirani yetu, dereva wa daladala, kama Jangwani kunapitika. Akisema hapapitiki, niliiacha Kariakoo kabisa, nikatoka Mbagala kwa Barabara ya Mandela, nikapitia Buguruni na Ubungo hadi Mwenge. Kwenye ramani njia hiyo inaonekana ndefu, lakini haigusi katikati ya jiji wala bonde la Jangwani.

Kaka alipopewa ruhusa ya kurudi nyumbani, kidonda chake kilikuwa bado kibichi na hakikuvumilia kukaa muda mrefu kwenye gari. Wauguzi walikuwa tayari kumwachia asubuhi na mapema, lakini niliwaomba tukae hadi saa nne, watu wawe wameshaingia makazini. Tulikodi teksi, tukashika Barabara ya Kilwa tukiwa tunatoka mjini huku msongamano wa asubuhi umekwisha, na mchana shangazi alimpokea mgonjwa wake akiwa hana maumivu mapya.