Kigoda cha lusiola kisichopasuka

Kiti cha mzee kwetu Maragoli, kwa Waluhya wa magharibi mwa Kenya, hakina gundi wala msumari. Ni gogo moja tu, kikalio na miguu mitatu, kwa sababu sakafu ya udongo ina mabonde na miguu mitatu haichezi popote utakapokiweka. Nilitaka kuchonga kimoja kisichopasuka, maana vingi ninavyoviona sokoni vina ufa unaoanzia katikati hadi ukingoni.

Mwanzoni nilifikiria murembe, ule wa maua mekundu, kwa kuwa ni laini kwa tezo. Mjomba alikataa papo hapo. "Mpwa wangu, huo watu wameuapia. Huwezi kuukalia." Waluhya wameapa kwa murembe kwenye kesi nzito tangu enzi, na mimi naiheshimu miiko kama hiyo, naamini imeokoa miti mingi kuliko matangazo.

Tukaenda kwenye lusiola la mpakani, ambalo majirani zetu Wajaluo huliita siala na wataalamu Markhamia lutea. Mchwa hawaliwezi kirahisi, ndiyo maana nguzo za nyumba nyingi huku zimetoka kwake, na kisiki chake huchipua tena.

Kazi yenyewe iko kwenye kiini. Mti ukikauka husinyaa kufuata mzunguko wa pete zake za ukuaji karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka kiini kwenda gome. Kiini kikibaki katikati ya kikalio, pete zinavutana pande zote na hazina pa kwenda, basi mti unaachia kwa ufa. Kwa hiyo tulichagua gogo lenye upana zaidi ya mara mbili ya kiti, mjomba akalipasua kwa kabari, tukachonga kando ya kiini, si juu yake.

Nilichonga gogo likiwa bado bichi, tezo ikizama vizuri, nikaacha unene wa ziada kila mahali. Juu ya kikalio na nyayo za miguu, ambako nyuzi zimekatwa na maji hutoka haraka, nilipaka samadi mbichi. Kisha nikakifukia kwenye vibanzi vyake chini ya ghala, pasipo jua wala upepo. Kila nilipopita sokoni nilikipeleka kwa muuza nyama akanipimia kwenye mizani yake. Uzito ulishuka, ukashuka, halafu ukasimama. Hapo ndipo mti umekauka. Kuugusa kwa mkono hakukuambii kitu.

Kumalizia kulikuwa kwepesi: patasi kali, majani makavu ya mti wa msasa yanayokwaruza kama karatasi ya dukani, na nta ya nyuki iliyopashwa moto ikasuguliwa kwa kitambaa. Mistari ya pete ikajitokeza kwenye kikalio, imepinda upande mmoja kama upinde.

Kimepita kiangazi cha Januari na masika bila hata ufa wa unywele. Nusu ya pili ya gogo bado iko kwenye vibanzi. Dada yangu ameshaiomba, na yeye anataka miguu mifupi zaidi, ya kukalia jikoni.