Shamba la Anathothi

Tangu mkataba wangu wa kazi ulipositishwa, nimekuwa nikirudia Yeremia sura ya 32, na kila nisomapo ninashangazwa na nabii aliyekubali biashara ambayo mtu yeyote mwenye hesabu angeikataa. Ulikuwa mwaka wa 10 wa Mfalme Sedekia. Jeshi la Babeli lilikuwa limeuzingira mji wa Yerusalemu, na Yeremia mwenyewe alikuwa amefungwa katika uwanda wa walinzi kwa kutabiri kwamba mji utatekwa. Hapo ndipo Hanameli, mwana wa ami yake, alipomjia akimwomba anunue shamba lake la Anathothi, mji mdogo karibu na Yerusalemu. Yeremia akampimia shekeli 17 za fedha mbele ya mashahidi, kisha akamwagiza Baruku, mwandishi wake, aziweke hati za ununuzi katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi. (Hanameli, nadhani, aliondoka akitabasamu.)

Kinachonifariji zaidi ni kwamba Yeremia alitii kwanza, akaomba baadaye kwa mshangao usiofichwa, nami siku hizi ninaomba vivyo hivyo. Alijibiwa kwamba mashamba yatanunuliwa tena katika nchi hiyo, ingawa kwanza mji ungeteketezwa kwa moto, jambo ambalo wahubiri wetu wengi hulipita haraka.