Mfumo wa Kaole: nilipofikia hadi sasa

Ramani yangu ya nyota ya kubuni imefika sayari ya tatu, lakini wiki hii nimefuta mengi kuliko niliyochora.

Nyota yenyewe sijaigusa. Ni ya rangi ya chungwa, uzito wake 0.7 ya Jua letu, mwanga wake moja ya tano. Ndiyo maana sayari ya kuishi watu nimeisogeza karibu, kilomita milioni 67 tu (sisi tuko milioni 150), na mwaka wake umetoka siku 130. Mpwa wangu wa miaka 12 ameshapiga hesabu kwamba huko angekuwa na miaka 33, basi aachwe achelewe kulala.

Majina ya mahali nimeyatoa kwa wasafiri wa zamani. Kwenye mwezi wa sayari hiyo wako Speke na Burton, wapelelezi wa Kiingereza. Mwaka 1857 walianza safari pamoja hapa hapa Kaole, karibu na Bagamoyo. Mwaka 1858 Burton akabaki Kazeh, Tabora ya leo, na Speke akaenda kuiona Nyanza (Ziwa Victoria); ugomvi wao haukwisha. Kwa hiyo Speke nimemweka ufukweni mwa bahari ya barafu, Burton upande wa pili, asikoiona.

Sasa kosa. Gurudumu la Stanley, kituo cha angani nilichokipa jina la mpelelezi mwingine, linazunguka mara mbili kwa dakika, na ili watu wawe na uzito wa duniani linataka nusukipenyo cha mita 224. Mimi nikaandika 224 kwenye kipenyo! Mtu wa kilo 70 angepanda mizani ikasoma 35. Na mfano nilikuwa nimeshaukata kwenye mfuniko wa ndoo ya lita 20. Sikuukata upya, nimebadili skeli. Tatizo milango: yote ikawa ya majitu, nikakesha nikibandua mmoja mmoja.

Halafu mjomba, fundi wa majahazi, akaja kuazima gundi, akaitazama ramani.

"Mwanangu, wageni wote umewapa nyumba. Aliyewaonyesha njia analala wapi?"

Hapo ndipo kifutio kilipoanza kazi. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani hadi India, aliongoza misafara ya Burton, Speke, Stanley na Cameron. Sasa mnara wa ishara ni wake, na hakuna chombo kinachoingia bila kuuliza kwake. Naandika Sidi Mubarak, maana Bombay peke yake watu watadhani jiji. Chuma na Susi, wahudumu wa mpelelezi Livingstone, wamepata njia ya mizigo kutoka sayari ya mwisho. Livingstone alifariki Mei 1873, nao na wenzao wakaufikisha mwili wake Bagamoyo Februari 1874, kwa hiyo njia hiyo ni ya miezi tisa, hata injini ziboreshwe vipi.

Ibn Battuta, msafiri wa Moroko aliyefika Kilwa 1331, hakai mahali. Nimempa nyotamkia inayorudi kila miaka 29, kwani aliondoka Tangier 1325 na safari zake zikaisha 1354. Miaka ya Dunia, lakini. Ya siku 130 nimemwachia mpwa.