Siku moja maishani mwangu: mavuno ya Agosti Dodoma

Saa 11 alfajiri. Sweta, juu yake koti la kazi, na bado natetemeka. Wageni wakisikia Dodoma hufikiria jua tu. Tuko zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na baridi hii ya usiku ndiyo inayotuhifadhia uchachu ndani ya zabibu. Usiku ukiwa wa joto uchachu huyeyuka upesi, na mvinyo hutoka mzito usio na uchangamfu.

Saa 12 na nusu. Wavunaji wameingia, wengi kina mama wa hapa hapa kijijini. Tunawahi kukata kabla jua halijakolea, maana zabibu iliyopata moto huanza kuchachuka ikiwa bado kwenye kreti.

Saa 2. Hii ndiyo kazi ninayolipiwa mshahara: kupima kitalu kipi kimeiva kwa mvinyo. Tuna vitalu viwili vya Makutupora nyekundu, aina ya zabibu ya hapa Dodoma, vilivyopogolewa wiki ile ile. Cha juu kiko mwinukoni, udongo mwekundu wa kichanga usiotuamisha maji. Cha chini kimegusa mbuga, udongo mweusi unaoshika maji. Nachuma punje huku na huku, naziponda ndani ya mfuko, natia tone kwenye kioo cha kipima sukari na kukielekeza kwenye mwanga. Juu, sukari asilimia 23. Chini, 19 na ushee. Kisha natafuna. Ganda la juu linaacha rangi vidoleni, mbegu zake ni kahawia na zinavunjika kama karanga. Za chini bado zina ukijani.

Mzee jirani ananisogelea.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Hizi za chini si ndizo nene? Mimi nauza kwa kilo.”

Kwa hesabu yake yuko sawa, na sina cha kumbishia: bei ikiwa ya kilo, nani atahangaika na ganda? Lakini rangi ya mvinyo mwekundu na ule ukakasi wake vinatoka hasa kwenye ganda, si kwenye maji ya tunda. Punje ndogo ina ganda jingi kwa maji machache. Mzabibu wa mbugani hunywa hadi kushiba, ukajaza majani na kuvimbisha punje.

Saa 7. Ugali na mlenda. Fuso limechelewa, kama kawaida yake.

Saa 9, kiwandani. Mashine inatenga vikonyo, mchuzi unaingia kwenye tangi pamoja na maganda. Sukari ya asilimia 23 itatupa kilevi cha asilimia 13 hivi. Huko Ulaya baridi kali huilaza mizabibu, wakavuna mara moja kwa mwaka. Kwetu mkasi ndio unaoiamsha: ukipogoa, inachipua, kwa hiyo tunavuna mara mbili. Mavuno ya Machi huangukia kwenye mvua, yakaja na ubwiri, ule ugonjwa wa ukungu, na punje zilizojaa maji. Mvinyo wa kuweka miaka mimi siutafuti Machi.

Saa 11 jioni. Simu ya bosi: kwa nini tusichanganye vitalu vyote tujaze tangi? Tumebishana, si kidogo. Mwisho amekubali: kitalu cha juu kinabaki na tangi lake, cha chini kinasitishiwa umwagiliaji wa matone kuanzia kesho, nami nitakipima tena Ijumaa.