Fundi wa ribiti

Jumamosi nilipeleka jinzi mbili kwa fundi wangu, jirani na soko la Karume. Zote za mtumba. Moja nimeigombania kwenye meza ya sagulasagula, nikabishana bei mpaka koo likakauka. Kiuno sawasawa, ila miguu mirefu utadhani ilishonewa mcheza kikapu.

Fundi hakuipima kwanza. Aligeuza pindo, akalikwaruza kwa ukucha. Nje bluu, ndani nyeupe. Uzi wa mtande, ule wa urefu wa kitambaa, ndio uliotiwa nili, wa mshindio, ule unaokingama, umeachwa mweupe, na unapita chini ya nyuzi mbili au tatu kabla ya kuchomoza juu. Ndiyo maana ukiisogeza jinzi jichoni unaona vimistari vya mshazari. Na nili yenyewe haizami mpaka kwenye moyo wa uzi, inaganda juujuu, ikisuguliwa magotini inaachia.

Hilo la kuachia nalijua vizuri. Niliwahi kukaa na jinzi mpya kwenye kochi la shangazi, lile la vitambaa vyeupe. Tuishie hapo. Bibi alicheka siku nzima: kaniki zake zilikuwa zikimwachia rangi ileile tangu usichana, na hakuna aliyeziita fasheni.

Jina "denim", yaani kitambaa chenyewe cha jinzi, wengi hulirudisha Nîmes, Ufaransa, na "jeans" limetoka Genoa, Italia. Sawa. Mimi ninayempenda ni fundi mmoja wa Reno, Nevada.

Aliitwa Jacob Davis, mzaliwa wa Riga. Alikuwa akishona mahema na mablanketi ya farasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 akaja mama mmoja: mume wake mkata kuni anachana suruali kila mara, anataka moja isiyochanika. Akalipa dola 3. Davis alikuwa na ribiti za shaba mezani, vile vipini vifupi vya kugongelea, za kufungia mikanda ya farasi. Akazigongelea kwenye pembe za mifuko, pale pale mishono inapoachia. (Suruali hiyo ya kwanza wala haikuwa jinzi, ilikuwa turubai jeupe!) Habari zikaenea, wateja wakapanga foleni.

Hataza, haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi wake, ilihitaji dola 68, naye hakuwa nazo za kuchezea. Akamwandikia mfanyabiashara wa San Francisco aliyekuwa akimuuzia vitambaa, Levi Strauss. Hataza ikatoka tarehe 20 Mei 1873, Davis akahamia San Francisco kusimamia ushonaji. Jina lililobandikwa kiunoni mwa suruali unalijua, na si la fundi.

Nilimsimulia fundi wangu haya yote huku akigonga pindo kwa nyundo. Bila kulilainisha hivyo, cherehani ikifika kwenye mshono wa ubavuni sindano inakatika. Aligonga, akapitisha, akagonga tena. Nikadhani hasikilizi.

"Yule mama alilipa tatu?"

"Tatu."

"Na hataza sitini na nane." Akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja, akahesabu kimoyomoyo. "Suruali ishirini na tatu, kijana wangu. Hapo hujatoa kitambaa, hujatoa uzi."

Akang'ata uzi, akanirushia jinzi ya kwanza.

"Pindo moja elfu tatu leo."

Wiki iliyopita ilikuwa elfu mbili. Nikalipa.