Alama 15 za somo la mfano

Alhamisi, usiku. Umeme umerudi saa nne hii na usingizi umeshapita, bora niandike.

Leo asubuhi nilikwenda stendi kumpokea Profesa, mhadhiri mpya wa chuo chetu. Kashuka na koti zito, kofia ya sufu na bahasha ya kaki iliyovimba kwa makaratasi. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akauliza kama huku nyanda za juu jua huwa linatoka. Nikamwambia mwezi wa kumi. Akacheka. Ni mzee mcheshi, na hilo ndilo linalonisumbua, maana ningependa awe mtu wa kumchukia kidogo.

Nafasi yake tuliitangaza mwezi wa tatu: Profesa, au angalau Mhadhiri Mwandamizi, Elimu ya Maarifa ya Jamii. Tangazo niliandika mimi, na nilipofika kwenye jina la somo kalamu ikasita. Maarifa ya Jamii ya wapi? Kwa mtaala ulioanza kutumika Januari 2024, mtoto wa darasa la tatu hana tena somo la jina hilo. Ana Historia ya Tanzania na Maadili, ana Jiografia na Mazingira. Mama yangu, mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, alikuwa akifundisha Siasa. Mimi nimeyakuta masomo haya yakiwa mbalimbali, nikayaona yakiunganishwa, sasa yameachana tena kama ndugu waliogombea shamba. Nikampelekea Mkuu wa Chuo hoja yangu. Akasema, "Andika hivyo hivyo, mwalimu, ndivyo programu yetu ilivyosajiliwa."

Kwamba lazima awe profesa, hilo halikujadiliwa. Chuo chetu ni kidogo, wahadhiri hatufiki 50, na profesa hatukuwa naye hata mmoja. Wakaguzi wa ithibati wakija, hufunua jedwali la wahadhiri na vyeo vyao. Ile safu ya juu kabisa ilikuwa na sifuri, na sifuri ile ilikuwa inamnyima Mkuu usingizi.

Maombi yalikuja 19. Mmoja alikuwa mtaalamu wa kilimo cha mbogamboga. Barua yake ilikuwa nzuri kuliko nyingi. Tukawaita watatu kwenye usaili: Profesa, ambaye amestaafu chuo kikuu cha umma, kijana mwenye shahada ya uzamivu bado mbichi, na mwalimu mmoja, mama wa makamo, mwenye uzamili, uzamivu wake yuko katikati ya kuuandika. Huyu wa tatu tulimwita ili idadi itimie. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyosemwa kikaoni, na mimi nilikuwepo.

Kila msailiwa alipewa dakika 20 za somo la mfano. Wanachuo wa mwaka wa pili walijifanya darasa la tano. Kijana alikuja na slaidi 34. Projekta ikazima kwenye ya sita, akaendelea kutusomea kutoka kwenye simu. Profesa alikaa kitini akaongea, na wanachuo wakaandika.

Yule mama aliingia na kipande cha chaki tu. Akasema, "Mwenye sarafu mfukoni aitoe." Darasa likapekua mifuko. Binti wa mbele hakuwa na kitu, nikamwazima shilingi 200 kutoka kwenye jopo.

"Huyu nani?"

"Karume!"

"Alikuwa rais wa wapi?"

Mmoja akajibu kwa sauti kuu: "Wa Tanzania!" Mama hakumsahihisha. Aliliandika jibu ubaoni kama lilivyo, akaweka alama ya kuuliza, akangoja. Pakawa kimya, kile kimya ambacho walimu wengi, nami nikiwemo, hatuwezi kukivumilia. Mwishowe kijana wa nyuma akanyoosha mkono: Karume alikuwa Rais wa Zanzibar, na Makamu wa Kwanza wa Rais wa Muungano.

"Sasa rais wa Zanzibar anafanya nini kwenye hela ya kununulia mahindi huku kwetu?"

Hapo somo likaanza lenyewe. Walifika Mapinduzi ya 12 Januari 1964, wakafika 26 Aprili mwaka huo huo, wakabishana nchi ngapi ziliungana na sasa ziko ngapi. Noti ya 1,000 ikatoka, Nyerere upande huu, Ikulu upande ule. Halafu binti niliyemwazima sarafu akauliza swali ambalo naamini halikuwa kwenye andalio la somo: "Mwalimu, mbona hamna mwanamke?"

"Ungekuwa wewe ndiye mwenye kuchagua, ungemweka nani?"

"Bibi Titi."

"Ndiyo nani?" akauliza mwenzake, kwa kweli kabisa, si kwa kuigiza darasa la tano.

"Barabara ya Dar!" mtu akadakia, chumba kikaangua kicheko. Mama naye akacheka. Kisha akaandika kazi ya nyumbani: muulize mtu mzima nyumbani kwenu Bibi Titi Mohamed alifanya nini katika TANU, kama hajui, andika kwamba hajui. Akaweka chaki mezani. Dakika 20 zilikuwa zimekwisha hapo hapo.

Naibu Mkuu aliuliza ana machapisho mangapi. Akasema moja, na jingine liko kwa wahariri. Mwingine akamuuliza uzoefu wake wa kufundisha chuo. Miaka miwili, ya muda. Na shule ya msingi? Miaka 11. Hiyo 11 haikuwa na mahali pa kuandikwa. Fomu yetu ilikuwa hivi: cheo na shahada 30, machapisho 30, uzoefu wa chuo kikuu 25, somo la mfano 15. Tunatafuta mtu wa kuwafundisha walimu kufundisha, na kufundisha kwenyewe tumekupa 15. Fomu hiyo tuliirithi, inatumika pia kuajiri watu wa uhasibu.

Kwenye 15 zile nilimpa 14. Nimejiuliza mara nyingi ile moja nilimkatia nini. Andalio lake la somo lilikuwa la mkono, halikuchapwa. Ndiyo hiyo. Nilikuwa nimeshaona kwamba hata nikimpa zote hatoki, basi nikajionyesha kuwa mkaguzi asiyependelea. Kwa fomu yangu alipata 54, kijana 66, Profesa 81. Mwenyekiti aliuliza mara mbili kama kuna mwenye neno. Nilikuwa ninalo. Nilikunywa chai yangu, iliyokuwa imeshapoa.

Barua ya kumkatalia niliiandika mimi pia, ile ya "tunasikitika kukujulisha". Siku mbili baadaye akanitumia ujumbe: "Asante kwa taarifa, mwalimu. Shilingi 200 yako ninayo, yule binti alinirudishia mimi."

Basi Profesa ameanza leo. Ana mikataba na vyuo vitatu, kwetu atakuwa anakuja wiki mbili kila muhula. Nilikaa nyuma ya ukumbi nikiwa nimekunja uso, na mzee akanikunjua. Alieleza jinsi mwaka 1968 waelimishaji wa nchi kadhaa za Afrika zilizokuwa zimetoka kupata uhuru walivyokutana Mombasa, wakiulizana kama mtoto wa Kiafrika aendelee kupewa historia huku, jiografia kule na uraia pembeni, au apewe jamii yake nzima kama anavyoiishi. Hilo mimi, kwa miaka yangu yote ya kufundisha, nilikuwa nalijua kwa mstari mmoja tu. Yeye alilijua kwa saa nzima, na bila karatasi. Wanachuo hawakuuliza swali hata moja.

Jioni nikampeleka kantini. Chapati zilikuwa zimeisha, tukapata maandazi ya asubuhi. Akakoroga chai muda mrefu, kisha akauliza, "Mama, yule mwalimu niliyekaa naye kwenye benchi siku ile ya usaili, mmempa idara gani?"

Nikamwambia hatukumchukua.

"Mimi nilidhani mna nafasi mbili," akasema. "Alinifundisha somo lake lote pale nje tukisubiri. Alinitoa hadi noti."

Nikamuuliza kama niongeze sukari. Akasema inatosha, ana kisukari.