Chupa ya Maji Mbele ya Jopo la Usaili

Kigoda cha historia na falsafa ya sayansi, yaani nafasi ya uprofesa, kilipokuwa wazi, niliteuliwa kuwa mmoja wa wanajopo. Tulivutana hata kabla ya msailiwa wa kwanza kuingia. Mwanafizikia aliyekuwa kati yetu alitaka mtu aliyeshika vifaa vya maabara kwa mikono yake. Alimtaja Ernst Mach, mwanafizikia aliyepewa kigoda cha falsafa Vienna mwaka 1895, kigoda kilichoelekezwa hasa kwenye historia na nadharia ya sayansi zinazopanda kutoka kwenye mifano hadi kanuni. Mwanafalsafa wetu akamjibu kwa Georges Canguilhem, ambaye alianza na falsafa, akasomea udaktari wa tiba baadaye, kisha mwaka 1955 akamrithi mwanafalsafa Gaston Bachelard pale Sorbonne, chuo kikuu cha Paris. Na Bachelard mwenyewe alikuwa amefundisha fizikia na kemia katika shule ya sekondari. Mifano ilikuwa mizuri, lakini haikumaliza ubishi: kila upande ulikuwa na wa kwake.

Kila msailiwa alitakiwa kutoa mhadhara wa wazi, kisha kutetea muhtasari wa kozi ya mwaka wa kwanza. Wa kwanza alitueleza historia ya hadubini kwa ustadi wa mtu aliyezama katika nyaraka, ila alipoulizwa ni kwa sababu gani mtu wa zama zile aamini kwamba kilichoonekana kwenye lenzi kipo kweli na si kasoro ya kioo, alirudia tarehe. Wa pili alikuja na nadharia ya maelezo ya kisayansi, nadhifu kabisa. Galileo na Darwin waliingizwa humo kama mashahidi waliokwisha kufundishwa la kusema: kila mfano ulikubali, hakuna hata mmoja uliosumbua. Hayo ndiyo magonjwa mawili ya fani hii. Historia isiyouliza swali hugeuka orodha, na falsafa inayochagua mifano ya kuipendeza haiwezi kugundua kwamba imekosea.

Msailiwa wa tatu aliweka mezani jiko dogo la umeme, chupa ya kioo yenye maji yaliyokenekwa, sufuria ndogo ya chuma, kipimajoto na barometa, kifaa cha kupimia kanieneo ya hewa. Akauliza maji huchemka kwa nyuzi ngapi. Ukumbi mzima ulijua jibu, naye akatuonyesha kwamba jibu lile halitoshi.

Alianza na vipimajoto vya karne ya 18. Kimoja kilichotengenezwa na George Adams kilikuwa na alama mbili za kuchemka: 204 za Fahrenheit pale maji yanapoanza, na 212, sawa na 100 za Selsiasi, pale yanapochemka kwa nguvu. Mtengenezaji huyo hakuwa mzembe. Aliandika alichokiona, kwa sababu kuchemka kulikuwa bado hakujafungwa kwenye namba moja. Halafu akaja Jean-André De Luc wa Geneva, aliyetikisa chupa ya maji kwa wiki 4 ili kuyatoa hewa yote, na alipoyapasha moto yalifika nyuzi 112 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Baadaye Gay-Lussac, mwanakemia wa Ufaransa, aliona maji yakichemka kwa zaidi ya nyuzi 101 katika chombo cha kioo, na 100 katika chombo cha chuma.

Huku akieleza, maji yalikuwa yakipanda joto. Katika sufuria viputo vilitoka mapema na kwa wingi, kwa kuwa mikwaruzo midogo ya chuma huhifadhi hewa, na kiputo huhitaji mahali pa kuanzia. Katika kioo laini kilichosafishwa vizuri maji yalitulia, kisha yakaruka kwa kishindo. Alikuwa amevaa miwani ya kinga na hakuruhusu mtu kutumbukiza chochote: chembe moja ya mchanga ikiingia kwenye maji yaliyopitiliza joto, yaani yaliyovuka kiwango cha kuchemka bila kuchemka, huweza kuyarusha yote nje. Alisoma pia barometa, maana kanieneo ikipungua milimita 27 za zebaki karibu na 760, kiwango cha kuchemka hushuka takriban nyuzi 1, na asiyeiandika hawezi kujua tofauti imeletwa na chombo au na hewa.

Mwanafizikia aliuliza kipimajoto chenyewe kilisahihishwaje, ikiwa alama yake ya 100 inategemea maji yanayochemka. Hilo ndilo swali nililokuwa nikilingoja. Msailiwa alituambia kuhusu kamati ya mwaka 1776 ya Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya Uingereza, chini ya mwanasayansi Henry Cavendish, iliyopendekeza kutazama joto la mvuke badala ya joto la maji. Mvuke juu ya maji ulionekana kutulia zaidi, hata maji yenyewe yakipitiliza. Wanakamati wale hawakuwa na nadharia kamili ya joto. Walishika kitu kilichotulia kuliko vingine, wakajenga juu yake, na vipimo bora vilivyofuata vikawawezesha waliokuja baadaye kurudi na kukihakiki. Hapo falsafa ilitoka ndani ya historia yenyewe, bila kupachikwa.

Muhtasari wake wa kozi ulifuata njia hiyohiyo: kila wiki andiko moja la asili, kifaa au jaribio moja, na swali moja ambalo andiko haliwezi kulikwepa. Tulimbana juu ya gharama na muda, kwa sababu kozi kama hiyo hufa haraka wanafunzi wakizidi vifaa. Alipendekeza vikundi vya watu 4, na majaribio yarudiwe katika wiki zinazofuatana ili matokeo yanayotofautiana yawe ndiyo somo.

Kura hazikuchukua muda. Kilichotuchelewesha ni ofisi: kitivo cha sayansi au cha sanaa? Aliomba chumba katika jengo lolote, mradi kiwe na sinki.